Kuendesha Kipindi cha Rhythm and Blues ya Zamani Katika Redio ya Chuo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo huulizwa na wanafunzi na wapenzi wa muziki wanaotaka kuendesha kipindi cha rhythm and blues ya miaka ya 1940 na 1950 katika redio za vyuo nchini Marekani, wakiwemo vijana wa Afrika Mashariki waliokwenda kusoma huko. Majibu yanaongozwa na imani moja: mtangazaji wa muziki huu anadaiwa majina. Wengi wa walioupiga walilipwa kiduchu, na wengine hawakuandikwa hata kwenye lebo ya santuri. Kuwataja kwa usahihi ndiyo kazi yenyewe, na mengine yote, kuanzia sindano hadi sheria, yapo ili kazi hiyo ifanyike vizuri.

Rhythm and blues ya zamani ni muziki gani, na mpaka wake uko wapi?

Ni muziki wa dansi wa Wamarekani Weusi uliokomaa mijini wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia na katika miaka kumi na mitano iliyofuata. Una blues ndani yake, una saksofoni ya jazz, na una waimbaji ambao wengi wao walijifunza kuimba kanisani. Jarida la Billboard lilianza kuuorodhesha mwaka 1942, likaubadilishia jina mara kadhaa, na tarehe 25 Juni 1949 ndipo lilipoanza kutumia jina la rhythm and blues, lililopendekezwa na mwandishi wake Jerry Wexler, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa wakuu wa Atlantic Records. Kwa hiyo vibao kadhaa utakavyopiga katika kipindi chako ni vikongwe kuliko jina la kipindi.

Mazingira yaliyouzaa muziki huu yafaa kujulikana, kwa sababu yanasikika ndani ya nyimbo zenyewe. Familia nyingi zilikuwa zimehama kutoka mashamba ya Kusini kwenda kwenye viwanda vya Chicago, Detroit, Oakland na Los Angeles, na zilitaka muziki wa kuchezea mwisho wa wiki. Bendi kubwa za watu kumi na watano zilikuwa ghali kuzisafirisha, na mwaka 1944 serikali iliongeza mzigo kwa kuzitoza kodi ya asilimia 30 kumbi zenye dansi na waimbaji. Bendi ndogo zikachukua nafasi. Louis Jordan na kundi lake la Tympany Five walionyesha kwamba watu wachache wenye saksofoni, tarumbeta, piano, besi na ngoma wanaweza kuujaza ukumbi, na mwaka 1946 kibao chao "Choo Choo Ch'Boogie" kilikaa kileleni mwa orodha ya muziki wa Weusi kwa wiki 18.

Kampuni kubwa hazikuuthamini sana muziki huu, na nafasi hiyo ikachukuliwa na kampuni ndogo: King ya Cincinnati, Specialty, Modern na Imperial za Los Angeles, Atlantic ya New York, Chess ya Chicago, Peacock ya Houston. Ukizifahamu kampuni hizi na miji yake, umeshaupata mgongo wa kipindi chako.

Kuhusu mwisho wake, mimi husimama karibu na mwaka 1960, muziki wa soul unapoanza kuchukua umbo lake. Mpaka huo si ukuta. Tarehe 18 Novemba 1954 Ray Charles alirekodi "I Got a Woman" mjini Atlanta, katika studio za WGST, kituo cha redio cha chuo cha Georgia Tech, na ndani ya wimbo huo rhythm and blues na soul zimeshikana kiasi kwamba hakuna anayeweza kuzitenganisha. Mtangazaji wa redio ya chuo ana sababu ya ziada ya kuupiga wimbo huo na kusema ulirekodiwa wapi.

Je, ni lazima niwe mwanafunzi?

Si katika kila kituo. Vituo vingi vya vyuo huwapokea pia watu wa mtaani, hasa wenye ujuzi wa muziki ambao wanafunzi hawana, lakini wanafunzi hupewa kipaumbele. Utahudhuria mafunzo, utajifunza mitambo na kanuni, kisha utapewa zamu ambayo hakuna anayeitaka, pengine saa nane ya usiku. Ichukue bila kusita, maana wasikilizaji wa saa hiyo ni madereva, manesi na walinzi, na hakuna wanaosikiliza kwa makini kuliko wao.

Nyimbo zenyewe nitazipata wapi?

Anza na maktaba ya kituo. Redio nyingi za vyuo zina rafu za santuri zilizokusanywa kwa miongo kadhaa, na mikusanyo ya rhythm and blues iliyotolewa upya katika miaka ya 1970 na 1980 mara nyingi imekaa bila kuguswa. Baada ya hapo tafuta matoleo ya kampuni zinazotoa upya muziki huu kwa uangalifu, kama Ace ya London na Bear Family ya Ujerumani. Thamani yake kubwa iko katika vijitabu vyake, ambavyo hutaja tarehe ya kurekodi, studio na jina la kila mpigaji pale anapojulikana. Nyimbo zilizokusanywa ovyo mtandaoni zina kasoro mbili: mara nyingi sauti imesafishwa kupita kiasi hadi matoazi yamefifia, na mara nyingi toleo ulilopewa si la asili bali ni lile ambalo msanii alilirudia miaka mingi baadaye kwa kampuni nyingine. Sikiliza kabla ya kwenda hewani, tena kwa hedifoni nzuri. Ngoma zikisikika kama za 1965 katika wimbo unaodaiwa kuwa wa 1950, umepewa toleo la pili.

Naweza kupiga santuri za mizunguko 78 kwa dakika moja kwa moja hewani?

Unaweza, na zikipigwa ipasavyo zina nguvu ambayo matoleo ya baadaye hayana. Lakini kuna maandalizi. Kwanza, hakikisha mashine ina mwendo wa 78. Technics SL-1200MK2, ambayo imeenea sana katika studio za redio, ina mwendo wa 33 na 45 tu. Pili, badilisha sindano. Mfereji wa santuri ya 78 ni mpana, na sindano yake huwa na ncha ya takriban mikromita 76, ilhali ya santuri ndefu (LP) ni karibu mikromita 18. Ukiweka sindano nyembamba itazama hadi chini ya mfereji, isugue vumbi la miaka sabini, na utakachosikia ni mkwaruzo mtupu. Uzito wa gramu tatu hadi tano kwenye mkono wa mashine kwa kawaida hutosha.

Santuri nyingi za 78 zimetengenezwa kwa shelaki, nayo huyeyuka ikiguswa na spiriti. Usitumie kamwe dawa ya kusafishia yenye alkoholi. Brashi laini, maji safi kidogo na kitambaa kisichoacha nyuzi vinatosha, na karatasi ya lebo isiloe. Ishike kwa kingo kwa mikono miwili, kwa sababu ikianguka haipati ufa tu, inapasuka vipandevipande.

Kabla ya kuiweka, igeuze taratibu chini ya taa. Pale mwanzoni mwa mifereji unaweza kuona ukanda wa kijivu uliofifia. Hayo ni mabaki ya watangazaji waliokutangulia, waliokuwa wakiirudisha santuri nyuma kwa mkono ili wimbo uanze papo hapo, na kila mara sindano ikala kidogo. Santuri ya aina hiyo huanza kwa mvumo unaopotea baada ya sekunde chache. Usiongeze madhara. Kama santuri ni adimu, inakili kidijitali mara moja, nyumbani au katika studio ya kurekodia, kisha upige nakala. Wakati wa kunakili kumbuka kwamba kanuni ya pamoja ya kusawazisha besi na sauti nyembamba, ile ya RIAA, chama cha kampuni za rekodi za Marekani, ilianza kutumika mwaka 1954. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na yake, na ndiyo maana santuri ya 1948 ikipigwa kwenye mtambo wa kisasa huweza kusikika ama nzito mno ama kali mno hadi urekebishe kwa mkono.

Mwisho, soma namba iliyochongwa kwenye eneo tupu kati ya mifereji na lebo. Lebo inaweza kudanganya, lakini namba hiyo ndiyo itakayokuwezesha kutafuta siku ya kurekodi katika orodha za kitaalamu, mojawapo ikiwa ile ya rekodi za kihistoria za Marekani inayotunzwa na Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ambayo iko wazi kwa wote.

Kipindi cha saa mbili kinahitaji nyimbo ngapi, na nizipangeje?

Upande mmoja wa santuri ya 78 ya inchi kumi huchukua takriban dakika tatu, na nyimbo nyingi za wakati huo ni fupi kuliko hapo. Ukiacha nafasi ya mazungumzo, utapiga nyimbo 30 hadi 35. Andaa 45, kwa kuwa kuna zitakazokataa kukaa pamoja.

Kuhusu mpangilio, nashauri mafungu ya nyimbo tatu au nne zenye uhusiano unaoweza kuelezwa kwa sentensi moja: studio moja, mpiga saksofoni mmoja, mji mmoja kwa mwaka mmoja. Fungu la New Orleans ndilo rahisi kuanzia. Chukua chumba kidogo cha kurekodia cha J&M, kilichokuwa nyuma ya duka la familia ya Cosimo Matassa kwenye kona ya mitaa ya Rampart na Dumaine. Hapo Fats Domino alirekodi "The Fat Man" tarehe 10 Desemba 1949, na hapohapo Little Richard akarekodi "Tutti Frutti" mnamo Septemba 1955. Mpiga ngoma katika nyimbo zote mbili ni Earl Palmer. Mwambie msikilizaji hivyo kabla ya kuzipiga, umwombe asikilize ngoma peke yake, naye atasikia jinsi mkono uleule ulivyobadilika katika miaka sita. Hakuna somo la historia ya muziki linalofika haraka kuliko hilo.

Epuka kupanga kwa umaarufu. Vibao vinavyojulikana na kila mtu viwe vichache, navyo vitumike kumwongoza msikilizaji kwenye visivyojulikana.

Niseme nini kati ya nyimbo?

Sema jina la msanii, jina la wimbo, kampuni, mwaka na mji. Hilo ni la chini kabisa na halina msamaha. Kisha, pale unapokuwa na uhakika, ongeza jambo moja ambalo litabadilisha namna wimbo unavyosikika.

Chukua mfano wa "Hound Dog" ya Willie Mae Thornton, aliyejulikana kama Big Mama. Wimbo ulirekodiwa Los Angeles tarehe 13 Agosti 1952 kwa ajili ya Peacock, ukatoka mwaka uliofuata, ukakaa wiki saba kileleni mwa orodha ya rhythm and blues. Watunzi wake, Jerry Leiber na Mike Stoller, walikuwa vijana wa miaka kumi na tisa. Ngoma alipiga Johnny Otis, na gitaa lile linalojibizana na mwimbaji ni la Pete Lewis. Mtangazaji wa haraka atasema huu ni wimbo ulioimbwa baadaye na Elvis Presley, akaendelea. Mtangazaji anayejali atawataja Thornton, Otis na Lewis, na atasema kwamba Thornton mwenyewe alisimulia kuwa aliambulia hundi moja ya dola 500 kwa kazi hiyo. Baada ya hapo aupige, anyamaze, na asiingilie mwisho wa wimbo kwa maneno, kwa sababu Lewis bado anapiga.

Jihadhari na majina ya watunzi yaliyoandikwa chini ya jina la wimbo. Ilikuwa kawaida kwa wenye kampuni na hata watangazaji wa redio kujiandikisha kuwa watunzi wenza ili wapate mgawo. Mtangazaji Alan Freed aliandikwa kuwa mtunzi mwenza wa "Maybellene" ya Chuck Berry mwaka 1955, na jina lake liliondolewa miaka mingi baadaye. Ukisoma lebo kama ilivyo bila maelezo, unaurudia udhalimu huo hewani. Usipokuwa na uhakika ni nani aliyetunga, taja waliopiga na uishie hapo.

Dakika moja na nusu ya maneno baada ya fungu la nyimbo inatosha. Ukivuka dakika mbili, uwe na kisa kinachostahili.

Je, nifuate mtindo wa watangazaji wa enzi hizo?

Wasikilize wote unaoweza kuwapata, lakini usiwaige sauti. Wanastahili heshima kubwa, kwani bila wao muziki huu usingesikika. Jack Cooper alianza kipindi chake Chicago mwaka 1929. Mjini Memphis, kituo cha WDIA kilimweka Nat D. Williams, mwalimu wa historia wa shule ya sekondari, mbele ya maikrofoni mnamo Oktoba 1948, na baada ya muda mfupi kikawa na watangazaji Weusi watupu, akiwemo kijana mpiga gitaa aliyeitwa B.B. King. Mwaka 1954 WDIA ilipata nguvu ya wati 50,000 na kusikika kote katika bonde la Mississippi. Mwaka 1949 Jesse Blayton alinunua WERD ya Atlanta, kituo cha kwanza nchini humo kumilikiwa na Mmarekani Mweusi. Vivian Carter, mtangazaji wa Gary, Indiana, alianzisha kampuni ya Vee-Jay mwaka 1953 pamoja na James Bracken, ambaye alikuwa mwenzi wake.

Watu hawa walizungumza kwa vina, misemo na kasi ya mitaa yao. Ilikuwa sauti yao ya kila siku. Kwako wewe ingekuwa vazi la kuazima. Unachoweza kurithi kwao ni uharaka: walifahamu kwamba msikilizaji ana kazi, ana shida zake, na hana muda wa kungoja ujikusanye.

Nipige nakala zilizoimbwa na wasanii Weupe?

Kwa nadra, na kwa sababu maalumu. Katikati ya miaka ya 1950 kampuni kubwa zilikuwa na desturi ya kuchukua kibao cha msanii Mweusi kikiwa bado moto na kumpa mwimbaji Mweupe akirudie, mara nyingine kwa kunakili mpangilio wa ala noti kwa noti. LaVern Baker alitoa "Tweedlee Dee" kwa Atlantic, na toleo la Georgia Gibbs likauza zaidi katika soko la jumla. Sheria haikulinda mpangilio wa muziki, na Baker alimwandikia mbunge Charles Diggs mwaka 1955 akiomba sheria ibadilishwe. Ukizipiga nyimbo hizo mbili mfululizo mara moja na kusimulia barua hiyo, umetoa elimu. Ukizipiga kila wiki, umezigeuza kuwa mashindano, na muda wa Baker umeugawa nusu.

Nyimbo nyingine zina maneno ya mapenzi ya waziwazi. Sheria inasemaje?

Tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, hairuhusu maudhui yasiyo ya adabu kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa nne usiku. Maudhui machafu kabisa hayaruhusiwi wakati wowote. Nyimbo za wakati huo hutumia mafumbo zaidi kuliko matusi. "Sixty Minute Man" ya The Dominoes, ya mwaka 1951, kila mtu mzima anaielewa, lakini haina neno la kukemewa. Msikilizaji aliyekulia kwenye mafumbo ya taarabu hatahitaji kuelezwa jinsi fumbo linavyobeba yasiyosemeka. Rekodi chache za faraghani, ambazo hazikukusudiwa kuuzwa, zina matusi halisi. Hizo ziache.

Kuna sheria nyingine mbili usizopaswa kuzisahau. Kila saa inapogonga, taja herufi za kituo na mara moja baada yake mji kilikosajiliwa. Na kwa kuwa redio za vyuo kwa kawaida zimo katika sehemu ya masafa ya FM iliyotengwa kwa elimu, chini ya megahezi 92, hazifanyi biashara: unaweza kumshukuru mfadhili kwa kumtaja, lakini huwezi kusifu bidhaa yake, kutaja bei, wala kumhimiza msikilizaji aende dukani.

Natoka Afrika Mashariki, na Kiingereza changu kina lafudhi. Nitakubalika?

Utakubalika ukiwa umejiandaa. Hakuna msikilizaji wa muziki huu anayezima redio kwa sababu ya lafudhi, lakini wako wengi watakaoudhika ukilitamka jina la mpendwa wao ovyo. Sikiliza mahojiano ya zamani ujue wenyewe walivyojitaja, kisha ulifanyie jina mazoezi kwa sauti kabla ya kuwasha maikrofoni.

Wewe pia hujaja mikono mitupu. "The Twist" ilirekodiwa kwanza na Hank Ballard na The Midnighters wa kampuni ya King, na ikatoka mwaka 1959, kabla Chubby Checker hajaipeleka duniani mwaka 1960. Miaka michache baadaye Daudi Kabaka alikuwa akipiga twisti ya Kiafrika Nairobi, na wazazi na babu zetu wakiicheza. James Brown, ambaye kibao chake cha kwanza kilitoka mwaka 1956 kwa Federal, tawi la King, alisimama jukwaani Kinshasa mnamo Septemba 1974 katika tamasha moja na B.B. King, yule mtangazaji wa WDIA. Mtu aliyekua akisikia twisti nyumbani kwao anaweza kupanga fungu la nyimbo ambalo hakuna mwingine katika kituo hicho angelifikiria. Fanya hivyo pale uhusiano ni wa kweli, na usiulazimishe pale haupo.

Wasikilizaji wakipiga simu nifanyeje?

Pokea. Muziki huu bado una wenyewe. Atapiga mzee aliyecheza dansi katika ukumbi unaoutaja, au mwanamke ambaye mjomba wake alipiga besi katika wimbo unaosikika wakati huo. Msalimie kwa heshima, mwite Bwana au Bibi pamoja na jina la ukoo, na usimharakishe. Kama wimbo unakaribia kwisha, mwambie waziwazi kwamba unamweka kidogo, panga wimbo unaofuata, kisha umrudie. Andika anachosema pamoja na tarehe. Hata hivyo, usikitangaze papo hapo kama ukweli uliothibitishwa, kwani kumbukumbu za wazee ni hazina, lakini miaka na majina ya studio hubadilishana nafasi ndani yake. Kitafute kwanza, na ukikithibitisha, kirudishe hewani wiki inayofuata kwa jina la aliyekusimulia, iwapo amekuruhusu.

Msikilizaji akikusahihisha, na yuko sahihi, tangaza marekebisho katika kipindi hichohicho. Neno lililokosewa hewani hunukuliwa na wengine.

Je, nitalipwa? Na naweza kupokea zawadi za santuri?

Kwa kawaida hakuna malipo. Kuhusu zawadi, kampuni inaweza kutuma matoleo kwa kituo, na hilo ni jambo la kawaida. Kupokea fedha au kitu cha thamani kwa makubaliano ya kupiga wimbo fulani bila kutangaza hivyo ni kosa la jinai tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 1960, baada ya Bunge la Marekani kuchunguza hongo za redio. Ukiwa na shaka, mwulize meneja wa kituo kabla ya kupokea.

Nani hulipwa ninapopiga wimbo wa zamani?

Hapa ndipo wengi hushangaa. Kwa matangazo ya FM, sheria ya Marekani humlipa mtunzi na mchapishaji wa wimbo kupitia mashirika kama ASCAP na BMI, lakini haimlipi mwimbaji wala wapigaji. Ukipiga "Hound Dog" kwa FM, mirabaha ni ya upande wa Leiber na Stoller. Wa Thornton haupati kitu. Matangazo yaleyale yakipita mtandaoni, mwenye rekodi na wasanii nao hulipwa, kupitia shirika la SoundExchange.

Hata hilo halikuwa wazi kwa muziki wa zamani hadi juzijuzi. Rekodi za kabla ya tarehe 15 Februari 1972 hazikuwa chini ya sheria ya hakimiliki ya shirikisho, na baadhi ya huduma za mtandaoni zilitumia mwanya huo kutolipa. Sheria ya Oktoba 2018 iliziba mwanya. Kwa sheria hiyo, rekodi zilizotolewa kati ya 1947 na 1956 hulindwa kwa miaka 110, hivyo santuri ya 1951 italindwa hadi mwisho wa 2061. Anayedhani kwamba muziki wa miaka sabini iliyopita ni wa bure amekosea.

Vita vya malipo vina mashujaa wake. Ruth Brown, ambaye vibao vyake vya mwanzoni mwa miaka ya 1950 viliijenga Atlantic, aliishia kufanya kazi za nyumbani na kuendesha basi ili kulea watoto wake. Katika miaka ya 1980 alipigania mirabaha yake na ya wenzake, na kutokana na mapambano hayo Rhythm and Blues Foundation ilianzishwa mwaka 1988 kuwasaidia wasanii waliozeeka. Mpige Ruth Brown mara kwa mara, na kisa hicho ukisimulie.

Kituo chetu husikika pia mtandaoni. Kuna masharti ya ziada?

Yapo, na yanagusa hasa vipindi vya kumuenzi msanii mmoja. Chini ya leseni ya kisheria ya matangazo ya mtandaoni, ndani ya saa tatu huruhusiwi kupiga zaidi ya nyimbo nne za msanii mmoja, wala zaidi ya tatu za albamu moja, na huruhusiwi kuchapisha mapema orodha ya nyimbo utakazopiga. Kwa hiyo kipindi cha saa mbili cha Fats Domino peke yake kitahitaji ruhusa ya ziada. Njia iliyo bora, na kwa maoni yangu yenye manufaa zaidi, ni kupiga nyimbo zake nne na kuzizungushia kazi nyingine za watu waliompigia: Dave Bartholomew kama kiongozi wa bendi, Lee Allen na saksofoni yake, Earl Palmer kwa waimbaji wengine. Kanuni iliyoonekana kuwa kikwazo inakulazimisha kuwakumbuka wasiokumbukwa.

Kwa nini nijaze orodha ya nyimbo kwa undani kiasi hicho?

Kwa sababu orodha hiyo si daftari la kituo tu. Pale kituo kinapotakiwa kuwasilisha taarifa za matangazo ya mtandaoni, ndiyo inayoiongoza SoundExchange kujua nani alipwe: nusu huenda kwa mwenye rekodi, asilimia 45 kwa msanii mkuu, na asilimia 5 kwa wapigaji na waitikiaji wasiotajwa kama wakuu. Andika jina la msanii kama lilivyo kwenye rekodi, jina kamili la wimbo, albamu au namba ya santuri, na kampuni. Ukiandika "wasanii mbalimbali" kwa sababu wimbo umetoka kwenye mkusanyo, fedha ya mtu huyo, au ya watoto wake, haitajua njia ya kumfikia. Jaza kila wimbo ukiwa unapigwa, usingoje mwisho wa kipindi, kwa kuwa anayekupokea zamu atakuwa ameshafika na atahitaji kiti na kompyuta.